Kicheko Kina Mwenyewe

Katika mji wetu mvua hainyeshi kwa sauti yake. Maji yanaanguka, ndiyo, na unalowa vizuri tu, lakini unachokisikia juu ya bati ni mvua nyingine, ya mwaka ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka, iliyonaswa na mtu asiyejulikana na kuwekwa katika droo namba tatu ya Ghala la Sauti. Milango yote inalia kwa mlio wa mlango mmoja uliokwisha kuliwa na mchwa. Vyura wanaokoroma nyuma ya soko ni vyura wa bwawa lililofukiwa zamani, na ukienda kuwatafuta unakuta maduka ya simu. Hata mtu akipiga chafya, chafya ile imeazimwa. Hatushangai. Tumezaliwa tukayakuta mambo hivyo, tukayazoea, tukaoa na kuolewa nayo.

Mimi kazi yangu ni kupika biti. Nakaa mbele ya kompyuta, nachota sauti kutoka Ghalani, nazikatakata, nazipindua, nazitia besi, nazizungusha mpaka mtu atikise kichwa bila kupenda. Wenzangu wanafanya hivyo hivyo kutoka droo zile zile, na ndiyo maana nyimbo za mji huu zote zina sura ya ndugu wa tumbo moja. Swali ambalo limenikaa rohoni ni dogo, na nitaliuliza mara moja tu: sauti ni ya nani? Lugha yetu hainisaidii hapa. Kitokacho kooni kwa mtu tunakiita sauti, na kitokacho kwenye sufuria iliyoanguka tunakiita sauti vilevile. Nimeishi miaka mingi nikila uvivu wa neno hilo. Nilikuwa nikisema, "Natafuta sauti," na hakuna aliyewahi kunisimamisha akaniuliza kama natafuta kitu au namtafuta mtu.

Dada yangu Mize alikuwa hajacheka kwa miaka kumi na moja. Nalisema wazi usije ukadhani ni mafumbo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amekaa uani anakuna nazi, kuku akajitumbukiza kikapuni akashindwa kutoka, na Mize akacheka. Kinasa sauti changu kilikuwa dirishani. Jioni ile ile nilikikata kile kicheko kikawa na urefu wa pumzi moja, nikakipandisha juu kidogo, nikakilaza juu ya ngoma, na wimbo ukapendwa mno. Kisha nikakipeleka Ghalani, kama taratibu zinavyotaka. Toka siku hiyo kicheko cha dada yangu kikawa kinafungua lifti, kinaita kwenye simu, kinauza sabuni na dawa ya mbu. Yeye likimjia la kuchekesha alikuwa akifumbua mdomo, mabega yakamtikisika, na hakitoki kitu. Alianza kuziba mdomo kwa ncha ya kanga. Baadaye akaacha hata hivyo, akawa anainama tu juu ya cherehani yake.

Siku iliyonivunja tulikuwa wawili, tumekwenda kumpelekea mteja gauni lake ghorofa ya sita. Mlango wa lifti ulipofunguka, lifti ikacheka. Mize akanyanyua kichwa, akageuka, akaitika: "Abee?"

Aliitika kama mwanamke aitikavyo akiitwa na mkubwa wake, kwa adabu, na gauni mkononi. Akangoja. Hakuna aliyemwita. Nilijiona mchafu, nami nilikuwa nimeoga. Tulipanda mpaka juu tukakabidhi gauni, na niliposhuka sikurudi nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Ghalani.

Ghala halina mwisho ninaoujua. Mlinzi wake, Bwana Shaame, ni mtu mpole, mwembamba, mwenye pamba masikioni. Hajawahi kusikia hata sauti moja kati ya zote anazozitunza. Ati sauti zinachakaa zikisikilizwa, na yeye hataki alaumiwe. Husoma midomo.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Kuazima au kuweka?"

"Kutoa. Kicheko cha dada yangu. Nataka kumrudishia."

Alifunua daftari kubwa, akalamba kidole, akapekua. "Kicheko. Miaka kumi na moja. Hiki hapa." Akasoma kwa sauti, akifuata safu kwa kucha. "Sauti: kicheko. Mwenyewe: Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo nikakumbuka. Siku ile nilipokileta aliniuliza, "Mwenyewe nani?" Nami kwa haraka zangu nikadhani anauliza kama nimekuja mwenyewe au nimetumwa, nikajibu, "Mimi mwenyewe." Naye akaandika alichokiona midomoni mwangu. Lo! Neno moja, nusu yake maana hii, nusu yake maana ile, na mimi nimeangukia nusu isiyo yangu.

"Basi kila anayekuja kukiazima," aliendelea Bwana Shaame, bila ubaya wowote, "namwuliza, 'Nani anachukua?' Ananijibu, 'Mimi.' Natazama daftari, naona Mimi. Sasa nimnyime vipi mtu mali yake?"

"Watu wangapi wamekichukua?"

"Mji mzima, bwana. Kila mtu ni Mimi."

Nikamwomba akitoe. Akatikisa kichwa. Droo haikai tupu, akanieleza. Ukitoa sauti, unaweka nyingine badala yake, na lazima iwe sauti ambayo haijapata kuwamo katika droo yoyote toka Ghala lilipofunguliwa. Nilimwuliza mara ya mwisho ililetwa lini sauti ya namna hiyo. Akafikiri sana, akasema ni miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa kicheko.

Nani anaandika haya? Mimi. Mimi yupi? Wiki ile, njiani, kila nilipomsikia mtu anasema "mimi" niligeuka kama nimeguswa bega. Muuza maji: mimi. Askari: mimi. Mwanamke aliyekuwa akigombana na simu: mimi, mimi, mimi ndiye ninayekwambia. Nilianza kuona neno hili ni ufunguo uliochongwa mmoja ukagawiwa kwa watu wote, na sote tunaingia katika chumba kimoja kwa zamu, kila mtu akiamini kuwa ni kwake. Ukinifunga macho ukaniuliza kilichomo ndani ya chumba hicho, nitataja vitu nilivyovikuta.

Nikaanza kutafuta. Kinasa sauti changu kina tabia moja: sauti ikiwa imo Ghalani tayari, kioo chake kinaonyesha namba ya droo. Niligonga sufuria yenye maji huku naiinamisha, mlio ukapinda vizuri, na kioo kikasema mia mbili na kumi na mbili. Nilibandika maikrofoni kwenye waya wa uzio upepo ukivuma, nikasikia mngurumo wa kitu kikubwa kinachoota ndoto. Elfu moja mia tisa arobaini. Niliingiza maikrofoni kwenye kichuguu. Nilitia barafu katika maji ya moto nikanasa inavyopasuka, nikafurahi, nikaruka, kisha nikatazama kioo: mtu alinitangulia hata kwenye barafu. Nilikata bua la jani la mpapai nikalipuliza kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, na hilo likawa droo namba nane. Nane! Yaani kabla ya watu kufikiri jambo lolote la maana walikwisha kupuliza mpapai.

Nilitembea Alhamisi tatu mfululizo, bila Ijumaa kati yao. Nyumba zilipungua, kisha zikaisha, ikabaki barabara ya vumbi na jiwe moja kando yake. Juu ya jiwe alikaa kijana mwenye hedifoni. Alivaa shati la kijani lenye mfuko uliochanika, na nililijua lile shati, maana Mize ndiye aliyelishona mfuko baadaye. Nilimjua na aliyelivaa. Alikuwa mimi, miaka kumi na moja nyuma, anapumzika akiwa njiani kwenda Ghalani.

"Shikamoo, mzee," aliniambia.

Iliniuma kidogo. "Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Ghalani. Nimenasa kitu majuzi, we acha tu. Hebu sikiliza."

Akavua hedifoni akanivika. Nikakisikia kizima, kabla hakijakatwa: nazi inakunwa, kuku anahangaika, kimya kidogo cha mtu anayejaribu kujizuia, halafu Mize. Kilianzia tumboni, kikakwama kooni, kikapata njia. Nikatazama kioo chake. Hakikuwa na namba. Mpaka siku ile nilikuwa nimesikia sauti moja tu isiyokuwa ya Ghala, na niliisikia mara mbili, zote mbili nikiwa mwizi wake.

"Ulimwomba?" nikamwuliza.

"Nimwombe nani?"

"Mize."

Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeuliza choo kiko wapi kabla ya kusalimia. "Mzee, yule ni dada yangu. Amenibeba mgongoni. Tumekula sahani moja. Vya nyumbani navyo vinaombwa?"

 Nikamkamata mkono ili nimpokonye kinasa sauti. Nilipokaza vidole nikajikuta nimejishika kifundo cha mkono wangu mwenyewe, nimekaa juu ya jiwe, barabara tupu pande zote mbili, na vumbi linatulia.

Nilikaa pale muda mrefu. Nilifikiri juu ya kichuguu: niliingiza maikrofoni bila hata kusema hodi, mimi ninayepiga hodi tatu kwenye mlango wa jirani niliyekua naye. Nilifikiri juu ya droo zote zile, maelfu kwa maelfu. Kila moja ina mtu aliyekohoa, aliyelia, aliyembembeleza mtoto, na mwingine dirishani na kinasa sauti chake, ananasa kabla mwenyewe hajageuka. Mji mzima umejengwa kwa sauti za watu waliokuwa wametazama upande mwingine. Ndipo nikaona kuwa nilikuwa nazunguka kutafuta sauti ya kumlipa Mize, na katika kuzunguka kote huko sijazungumza na Mize. Nikasimama, nikarudi. Safari iliyonichukua Alhamisi tatu kwenda, kurudi ilinichukua kitambo cha kuchemsha chai.

Nilimkuta kwenye cherehani, anapinda pindo la sare ya shule. Jua la saa nne lilikuwa limemwangukia mapajani.

"Shikamoo, da Mize."

"Marahaba. Ebo, umetoka wapi na vumbi hilo? Usinikanyagie kitambaa."

Nikakaa sakafuni. Nikamweleza yote, bila kujipamba: dirisha, kuku, swali la Bwana Shaame, jibu langu la kijinga, mji mzima unaoitwa Mimi. Alikuwa akikanyaga cherehani wakati wote huo, hakusimama. Nilipofika kwenye lile jiwe na lile shati, kanyagio likapunguza mwendo.

"Nilijua," akasema. "Unadhani sikijui kicheko changu? Nilikijua siku ya kwanza wimbo ulipopigwa."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Ningekwambiaje, dada?"

"Hivi hivi. Kama ulivyokaa hapo unanambia."

Nililia kidogo. Sioni haya kusema. Akaniacha nilie, akakata uzi kwa meno.

"Sasa wataka nini?"

"Nimekuja kukuomba sauti."

"Ipi, Machano? Umebakisha ipi?"

"Yoyote upendayo. Na kama hutaki niwashe, siwashi."

Cherehani ikasimama. Alikitazama kinasa sauti, kisha akanitazama mimi, kama anayepima mtu bila futi. "Washa."

Nikawasha.

"Haya. Omba."

"Dada, naomba sauti yako."

"Hapana," akasema Mize.

Nikainamisha kichwa. Ilikuwa haki yake. Nikanyoosha kidole ili nizime, na hapo nikaona kioo. Hakikuwa na namba. Nikakifuta kwa shati, nikakitikisa, nikakielekeza kwenye mwanga. Kitupu.

"Kinasema nini?" akauliza.

"Hakisemi kitu. Haimo."

"Haimo wapi?"

"Kokote. Da Mize, haimo kokote."

Neno lenyewe limo, bila shaka. Zimo hapana za matangazo, hapana za mahakamani, hapana za michezo ya redio, droo hata mia. Lakini sauti ya mtu aliyeombwa chake, akafikiri, akakataa, na aliyemwomba akakubali kukataliwa, hiyo haikuwa na droo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba. Mwanzoni Mize hakunielewa. Kisha akaelewa, na kitu kikaamka machoni pake ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ya nazi.

"Niombe tena," akasema.

"Naomba sauti yako."

"La."

"Naomba, dada."

"Sitaki." Akageuza kiti kunielekea. "Tena."

Nikaomba. Akasema aka! huku amepeperusha mkono. Nikaomba, akasema thubutu. Akasonya, msonyo mrefu, mwembamba, ulioanzia jino la nyuma ukamaliza chumba kizima, na naapa sijapata kunasa kitu kizuri namna ile katika kazi yangu. Akakataa kwa upole kama anayemkatalia mtoto sukari. Akakataa kwa hasira ya kweli, hasira ya miaka, na hapo sauti yake ilipasuka katikati na sote wawili tukangoja ipite. Mwisho akajaza kifua hewa, akasema "Ng'o!" na mkasi ukaanguka mezani. Kioo hakikuonyesha namba hata mara moja.

"Hizo nakupa," akasema, akipangusa jasho la pua. "Hizo peleka. Na mimi naja."

Bwana Shaame alitukaribisha viti. Tatizo likawa moja: kinasa sauti hakina midomo ya kusoma. Alikizunguka, akakichungulia, akakishika mgongo. Mwishowe, kwa shingo upande, akachomoa pamba ya sikio moja na kuishika kiganjani kama yai. Nikabonyeza. "Ng'o!" Bwana Shaame akaruka nyuma mpaka akagota kwenye droo.

"Samahani, mama," akasema. "Samahani sana."

Akatafuta katika daftari, kurasa na kurasa, jasho linamtoka. Haikuwamo. Akachovya kalamu. "Mwenyewe nani?"

Akilini mwangu neno lile dogo lilisimama, likajinyoosha, tayari kujibu. Nikauma ulimi.

"Mize binti Khatibu," akasema dada yangu. "Fundi cherehani. Andika yote, na usikosee herufi."

Akaandika yote. Kisha akavuta droo, na kicheko kikatoka. Huko mjini, tuliambiwa baadaye, lifti zilifunguka kimya, simu zikawaka mifukoni bila kuita, na wimbo wangu uliokuwa ukipigwa dukani ukaendelea ukiwa na tundu katikati. Watu walisimama barabarani, wamefumbua midomo, hawajui wakae vipi na kimya chao. Kisha mtoto mmoja akapiga kelele, na kelele ile, wanasema, ilikuwa yake.

Kicheko kilimzunguka Mize mara moja, kikamwingia. Akafumbua mdomo, kikatoka: chepesi, cha juu, cha msichana wa miaka kumi na tisa. Mize akakunja uso. Niliutambua ule uso. Ndio anaouvaa mteja akijitazama kiooni na nguo haijakaa.

"Kinanibana," akasema. Akanyoosha mikono, akajaribu tena. "Hapa, makwapani. Wala hakikuachwa nafasi ya kufumulia."

"Nikirudishe, mama?" aliuliza Bwana Shaame kwa wasiwasi, pamba bado mkononi.

"Cha nini? Fungua dirisha. Kiende zake."

Bwana Shaame akafungua dirisha. Tulikitazama kikiondoka, kama kinatazamika, kikapita juu ya mabati na hakikurudi. Nilimgeukia dada yangu kwa hofu. Miaka kumi na moja, na nafasi ya pekee ya kurudishiwa chake, naye amekiachia kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea mchele. Nilitaka kusema neno. Ndipo nilipoona bega lake la kushoto limetikisika. Kisha la kulia. Alikuwa akimtazama Bwana Shaame, mlinzi wa sauti zote duniani, amesimama dirishani sikio moja wazi, anasikia kunguru kwa mara ya kwanza na kumwomba radhi kila anapolia.

Kinasa sauti kilikuwa bado kinawaka mezani. Mize akakiona. Akanyoosha mkono, akakizima, na ndipo akacheka.

Nimemwomba ruhusa nieleze hapa kicheko hicho kilivyokuwa. Amesema hapana.